Jembe Halikuachwa kwa Ubovu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Nikisema hivyo watu hucheka. Mama yangu, aliyeko Mlowo na mibuni yake, aliuliza kwenye simu kama nimeenda kupima. Siumwi. Nimeacha kazi ya kutengeneza kamera za filamu, na nimeiacha mwenyewe, kwa mikono ambayo bado inashika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Naandika haya kwa ajili yenu mafundi simu wawili mliorithi meza yangu hapa Tunduma. Mliniuliza siku ile, kwa heshima lakini mkiwa mmebana kicheko, nilikuwa nafanya nini miaka yote na vyuma ambavyo hata viwanda vyenyewe viliacha kuvitoa. Nilijibu kwa ukali. Leo najibu kwa utaratibu, ingawa ukali bado ninao.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Sikusomea ufundi popote, na asiyesomea hana cheti cha kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilikuwa nikishafunga kamera nasikia moyoni kwamba kuna skrubu moja sijaikaza, naifungua, nakuta zote zimekazwa, naifunga, nasikia tena. Siku moja nilikimbia mpaka stendi kulisimamisha basi la Sumbawanga lililokuwa linatoka, kwa sababu ndani alikuwamo mteja mwenye kamera niliyomkabidhi muda huohuo. Kondakta alipoona ninavyohema akauliza, “Dada, kuna bomu?” Nikasema hapana, kuna skrubu. Abiria walinitukana kwa lugha zote za mkoa huu. Skrubu ilikuwa imekaza. Tangu hapo nikaitwa Dada Skrubu, na jina hilo nimelistaafisha pamoja na kazi, naomba mtu asiliamshe.

Nilianza baada ya kidato cha nne. Baba Tuse, mpiga picha za pasipoti karibu na geti la mpakani, alihitaji mtu wa kushika shuka jeupe nyuma ya vichwa vya wateja. Madereva wa malori, akina mama wanaovuka na vitenge kwenda Nakonde, upande wa Zambia, wachungaji, wote walikaa kwenye kigoda kimoja na kuambiwa wasitabasamu. Kazi yangu ilikuwa kushika shuka lisiwe na mkunjo. Baba Tuse aliniambia baadaye kwamba aliniajiri kwa ajili hiyo hasa. Wenzangu walionitangulia waliliacha likunjamane, mimi nililia kwa sababu ya mkunjo mmoja.

Hakuwa fundi. Ndani ya kamera alikuwa hajawahi kupaona, na alipaogopa kama watu wanavyoogopa tumbo la ng'ombe aliyekufa ghafla. Siku kamera yake ya akiba ilipokwama aliniwekea mapajani akasema, “Fungua. Hiyo imeshakufa, huwezi kuiua mara ya pili.” Nilifungua palepale nje, juu ya magoti. Springi ikaruka kama panzi, ikavuka mtaro, ikatua barabarani, na lori lililobeba shaba ya Zambia likapita juu yake. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na mwalimu alikuwa na magurudumu mengi. Kuanzia siku hiyo sikufungua kamera isipokuwa ndani ya karai kubwa lililotandikwa kitambaa cheupe, kitu kikiruka kigonge ukuta wa karai kirudi nyumbani. Karai lile ndilo mnalowekea vioo vya simu vilivyopasuka. Liheshimuni.

Vifaa vingine nilivibuni au niliviokota. Bisibisi ndogo kuliko zote ilikuwa spoku ya baiskeli niliyoinoa kwenye jiwe. Kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ya sindano kilikuwa kinafungua pete ya mbele ya lenzi bila kuikwaruza, unakibana tu na kukizungusha kwa kiganja. Kila kamera ya zamani ina sponji jeusi la kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma, nalo likizeeka linageuka ulojo kama lami juani. Mimi niliweka uzi mweusi wa kufumia masweta, ule unaouzwa Vwawa wakati wa baridi. Picha hazikuingia mwanga tena. Wateja walidhani nimeagiza kitu kutoka ng'ambo, na sikuona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Kupima shata ndiko kulikuwa na aibu. Shata ni pazia dogo linalofunguka na kufunga ndani ya kamera ili filamu iguswe na mwanga kwa kipande tu cha sekunde. Ukitaka kujua kama mwendo wake ni sawa na huna mashine, unafungua mgongo wa kamera, unaielekeza kwenye televisheni ya chogo, ile nene ya zamani, ikiwa inawaka, unabonyeza huku unachungulia. Unaona mstari wa mwanga, na upana wake unakwambia kila kitu. Televisheni ya chogo iliyokuwa karibu ilikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira. Basi nilikuwa naingia katikati ya mechi, nasimama mbele ya wanaume, naelekeza kamera kwenye skrini na kubonyeza mara kadhaa. “Dada Skrubu, umempata refa?” walipiga kelele. “Mpige na yule beki, ni wa kubandika polisi!” Nilivumilia. Nilikuwa nasoma mstari.

Sasa niwaeleze kuhusu Jembe. Majina ya kampuni sitaki kuyataja, hayanilipi. Kamera ambazo watu walizipenda hapa zilikuwa zile zenye kioo ndani, ambazo ukichungulia unaona kilekile ambacho lenzi inakiona. Katika hizo ilikuwapo moja nzito, ya chuma, iliyoingia kwa wingi kwenye marobota ya mitumba kupitia Nakonde. Ilikuwa inapiga picha bila betri. Betri ilikuwa ya kijisindano cha kupima mwanga tu, na sindano ikifa unaangalia jua na kukadiria, kazi inaendelea. Wapiga picha wa Chitete waliifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa kufungia mizigo. Mmoja wa Mkwajuni aliiangusha kwenye shimo la wachimba dhahabu, akaipandisha kwa kamba, akaja kwangu kwa sababu kofia ya lenzi ilikuwa imebonyea, basi. Ndiyo maana tuliiita Jembe.

Na Jembe lilikuwa limeachwa. Kiwanda kilishaacha kulitoa kabla mimi sijajua kusoma. Hilo lilinikera kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu wa wasiwasi akiona kitu kimefanywa vizuri hupumua, husema afadhali, inawezekana. Halafu unaambiwa walikifanya vizuri kisha wakakitupa! Nilikuwa nauliza kila mtu sababu. Baba Tuse alisema wazungu huchoka haraka. Nikamsahihisha kwamba si wazungu, ni Wajapani, akasema basi na wao.

Aliyekuwa na jibu tayari ni Kastori. Kastori alifungua duka mkabala na sisi, la kamera za dijitali na spika za redio, mtoto wa mjini mwenye shemeji Nakonde, na akawa anavuka barabara kila asubuhi kuja kunisalimia kwa Kibemba cha wateja wake. “Mulishani, ba fundi! Wagonjwa wameamkaje?” Anachukua Jembe mezani, analipima uzito mkononi, analirudisha. “Dada, mimi nakuuliza swali la biashara. Ingekuwa nzuri, wangeacha kuitoa?”

“Nzuri ilikuwa.”

“Mtu haachi kuuza kinachouzika. Ukiona kitu kimeachwa, ujue kilikuwa na kasoro. Wewe unawauguza waliokufa kwa haki.”

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililouma. Kukosa jibu kwangu ni sawa na skrubu isiyokaza. Nilichoweza ni kuandika kibao kwa chaki na kukitundika juu ya meza: SITENGENEZI PLASTIKI. Kilimlenga yeye, na kilizilenga pia zile kamera nyepesi za filamu, tulizoziita Otomatiki, zilizotolewa na kampuni ileile baada ya Jembe. Zilivuta filamu zenyewe kwa mota na kulia kama mbu. Nilizichukia kama mtoto anavyomchukia mama wa kambo ambaye hajamfanyia kitu.

Mambo yalikuwa hivyo Mzee Siame alipokuja kutoka Ivuna.

Mzee Siame alikuwa mpiga picha wa upande ule wote wa bonde, kule wanakochemsha chumvi. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa koti hata kwenye joto la Rukwa. Alitoa Jembe lake kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akautikisa mfuko, na juu ya kitambaa changu cheupe zikadondoka punje za chumvi.

“Shikamoo, baba. Hii chumvi imetoka wapi?”

“Marahaba, mwanangu. Nimeihifadhi humo.”

“Kamera? Ndani ya chumvi?”

“Ukungu ulikuwa unaingia kwenye lenzi kipindi cha mvua. Na chumvi inavuta unyevu, kila mtu wa Ivuna anajua. Samaki tunamweka, nyama tunaiweka, inakaa mwaka. Nikasema kamera nayo isioze.”

Akili yake ilikuwa sawa kabisa, ndiyo iliyoniumiza. Chumvi inavuta unyevu kweli. Kisha inaushika palepale ilipo na kuugeuza kuwa maji yanayokula chuma. Mtu wa Vwawa asingefikiria kosa hilo, angeweka kamera kabatini ikaota ukungu kama za wengine. Nikafungua kitako. Lenzi ilikuwa safi kama macho ya mtoto. Chini, pale penye kijigia cha shaba kinachokaza shata kila unapovuta filamu, palikuwa pamejaa kutu ya kijani, na meno ya gia yalikuwa yameliwa yakabaki kama ufizi wa bibi.

“Nilikuwa naihitaji Jumamosi,” alisema. “Jumapili ni kipaimara.”

Akanieleza bila kupaza sauti. Kila mwaka watoto wa kipaimara wa usharika wao husimama kwenye ngazi za kanisa, na yeye ndiye anayewapiga picha. Picha hiyo huingia kila nyumba, na wazazi wakishaiweka ukutani wanamjua wa kumwita kwenye harusi. Mwaka huu wazee wa kanisa walimwambia kamera yake imeanza kukwama na aibu ni ya wote. Kama Jumamosi haijalia mbele yao, wataleta mpiga picha wa dijitali kutoka Tunduma. “Nikikikosa kipaimara hiki, mwanangu, na harusi zimekwenda. Nitabaki mzee mwenye koti.”

Sikuhitaji kuuliza mpiga picha gani wa Tunduma. Alikuwa tayari anavuka barabara na chupa ya soda.

“Karibu, mzee wangu, kunywa, jua kali. Hii ni heshima tu, sina neno na wewe.” Kastori akainama akatazama kwenye karai. “Eh! Dada Skrubu, hii umeipika?”

“Ondoka mezani kwangu.”

“Naondoka. Ila usimdanganye mzee. Spea ya hicho kitu iko kaburini na aliyeiunda.”

Nikampigia simu muuza vipuri wa Dar es Salaam ambaye huwa anatusaidia. Alikuwa muungwana, alitafuta kweli, akarudi kwenye simu akasema haipo, dada, na haitakuja, modeli hiyo wameshaisahau hadi walioitengeneza. Nikajaribu kijigia cha saa ya ukutani. Meno yalikuwa mapana. Nikajaribu kuchonga cha kwangu kutoka kwenye kipande cha shaba kwa tupa ya fundi viatu. Nilichonga, nikatupa, nikachonga, nikatupa. Kila nilichokitoa kilishika kidogo kisha kikateleza, na shata linaloteleza ni baya kuliko lililokufa, kwa sababu lililokufa halikupi matumaini. Mzee Siame alikuwa amekaa kwenye kigoda cha pasipoti, koti limefungwa vifungo vyote. Nilihesabu skrubu zilizokuwa kwenye karai, nikazihesabu tena. Nataka mjue hilo, ninyi mnaodhani fundi mzuri ni yule mtulivu. Mimi sikuwahi kuwa mtulivu hata siku moja. Nilifanya kazi hivyohivyo, viwiko nimevibana mezani.

Kastori hakuweza kuvumilia kuona wapita njia wamekusanyika upande wangu. Akarudi na Otomatiki moja iliyokufa, imepasuka ubavuni, kutoka kwenye boksi lake la takataka. Akaiweka kwenye karai. “Chukua hii angalau upigie misumari. Plastiki nayo ina faida.”

Watu wakacheka. Hata mzee alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonichoma. Nikasema kwa sauti ili barabara nzima isikie, “Subiri. Nitawaonyesha ndani ya hii takataka mnayoisifia kuna nini.” Nikachukua spoku yangu. Nilitaka kuichana mbele za watu kama mtu anavyomvua mwizi shati.

Ganda lilitoka kirahisi, skrubu chache na vijino vya kubonyeza. Mota ikatoka. Waya zikatoka. Nikawa natangaza kila kitu kama mnadi. “Hii ni gundi. Hii ni karatasi. Hii sijui hata wao kama wanaijua.” Kisha nikafika chini, nikaiweka spoku.

“Vipi, dada, umepata misumari?” Kastori akauliza.

Nilikuwa natazama kitu ninachokifahamu kuliko kiganja changu. Shata lilikuwa lilelile. Fremu iliyolishika ilikuwa ileile, mpaka tundu moja dogo ambalo katika Jembe lina kazi na humu halikuwa na kazi yoyote, waliliacha tu. Na pembeni, mahali palepale, kilikaa kijigia cha shaba, kinang'aa, kana kwamba kimetoka kiwandani. Nikakitoa kwa kibano. Nikakilaza juu ya gia ya mzee iliyoliwa na chumvi. Pale ambapo meno yalikuwa yamebaki, yalilingana.

Kwa hiyo hawakulizika Jembe. Walilivua koti wakalivalisha fulana.

Mzee alisimama. Sijui aliona nini usoni kwangu. “Imekuwaje, binti?”

“Kaa, baba,” nikasema. “Bado sijakaza.”

Nikakipachika. Nikasafisha kutu yote kwa mafuta ya kujazia viberiti na kijiti cha meno, nikaufuata unyevu wa chumvi mpaka kwenye pembe ambazo hazionekani, nikaweka tone moja la mafuta la ukubwa wa nukta. Nikafunga, nikafungua, nikafunga. Kisha mimi na Mzee Siame tukaenda kwenye kibanda cha mpira na msafara wa watu nyuma yetu, Kastori akiwa mbele ya wote. Kulikuwa na mechi. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Nikaielekeza kwenye skrini, nikabonyeza, nikaona mstari umenyooka, mwembamba, sawasawa kutoka juu mpaka chini. Nikampa mzee abonyeze mwenyewe. Lile Jembe lilitoa ule mlio wake, ka-chak, kama mlango wa mtu anayejua anakokwenda.

“Hiyo inalia,” mzee akasema. Akafungua kifungo kimoja cha koti.

Kastori akasema, “Lakini gia ni ya plastiki yangu.”

“Gia ni ya shaba,” nikamjibu. “Na ni ya Jembe. Plastiki yako ilikuwa imeazima.”

Kabla hajaondoka nilimkabidhi mzee mchele uliokaangwa mkavu, nimeufunga kwenye kitambaa, nikamwambia auweke kwenye mfuko wa kamera badala ya chumvi. Unavuta unyevu na hauli chuma. Alinitazama kwa mashaka. Mtu wa Ivuna kuambiwa na mtu wa Mlowo namna ya kukausha kitu ni jambo zito. Lakini aliuchukua.

Kipaimara kikapita na mimi nikiwa siwezi kula. Niliishi siku zile nikiona meno ya gia yakiteleza. Hatimaye filamu ikarudi kutoka kusafishwa Mbeya, na mzee akanitumia nakala moja kwa dereva. Watoto wamesimama ngazi kwa ngazi na nguo nyeupe, wamefinya macho kwa sababu ya jua, mmoja ameyafumba kabisa. Mwanga ni sahihi kila pembe. Picha imeinama kidogo kushoto. Kwa hilo muulizeni mzee, kamera haikuwa na kosa. Aliendelea kupiga kipaimara na harusi za kule mpaka filamu zenyewe zikaanza kuadimika, na hakuna mzee wa kanisa aliyemwambia tena neno.

Mimi nilirudi mezani na ile Otomatiki iliyofunguka, na hapo ndipo nilipopata jibu langu. Nililipata polepole, kwa kuziweka mbili sambamba na kuzivua kipande kwa kipande. Ndani ya Jembe, chini ya kioo, kuna vijipete vyembamba kama ganda la kitunguu. Kila kamera ina idadi yake, hakuna mbili zinazofanana, kwa sababu kila moja mtu alikaa nayo akaongeza kipete, akapima, akatoa, akapima tena mpaka ikakaa sawa. Nilimtambua mtu huyo. Alikuwa ana wasiwasi kama mimi. Ndani ya Otomatiki vipete hivyo hakuna, kila kitu kinabonyezwa kikaingia. Wakati yule mtu anamaliza Jembe moja, meza ya jirani imeshatoa rundo la Otomatiki. Na mshindani wa ng'ambo ya barabara, maana hata wao wana Kastori wao, ameshaweka dirishani kamera inayovuta filamu yenyewe, na mteja anataka kilichoko dirishani.

Nikawaza pia kuhusu mama na mahindi yake. Yeye huchagua mahindi mazuri, huyaning'iniza juu ya moshi wa jiko, na mwaka ujao anapanda hayohayo. Mnajua kwa nini duka la pembejeo haliuzi mbegu ya mama? Si kwa sababu haioti. Ni kwa sababu aliyenayo harudi dukani. Aliyenunua Jembe hakurudi. Alimwachia mwanawe. Kamera isiyochakaa ni mshindani wa kamera mpya ya kampuni hiyohiyo, imekaa kwenye rafu moja nayo, inaulizwa bei, inaipokonya wateja. Kiwanda kikichoka kushindana na jirani hakiwezi tena kushindana na nafsi yake. Kwa hiyo wanachukua utumbo mzuri, wanauvalisha kitu rahisi, na kile kigumu wanakiondoa sokoni wakiwa wanakisifia. Sisemi walikosea. Na mimi nina meza moja na siku ina jua moja. Nasema tu kwamba kuacha kutolewa ni uamuzi wa soko, na soko halijawahi kushika shata mkononi.

Nilikishusha kile kibao cha chaki. Nilianza kupokea plastiki, na baadaye dijitali, na flashi, na mashine za kutolea picha. Filamu ikafa, studio zikafungwa, Baba Tuse akarudi kwao kulima. Halafu, bila mtu kuniarifu, filamu ikafufuka huko mijini. Vijana wa Dar na wa Lusaka wakaanza kunitumia Majembe kwenye mabasi, yamefungwa kwenye nguo, na vikaratasi vya kuuliza kama dada anayeweka uzi wa masweta bado yupo. Nilikuwapo. Nilifanya kazi nyingi miaka hiyo kuliko mwanzo.

Basi kwa nini nimeacha, wakati kazi ipo? Wengi wamenikalisha kunihoji. Ninaacha kwa sababu yule mtu wa vipete alinifundisha kitu. Kazi yangu nimeifanya kwa kipimo ambacho kimenichosha mishipa, na siku nikikishusha kipimo hicho mteja hatajua, ila mimi nitajua. Sitaki kufika siku hiyo. Mama ana mibuni iliyozeeka inayotaka kukatwa ichipue upya, nami nina spoku na subira. Mkisikia mtu anasema Dada Skrubu ameishiwa, mwambieni aje Mlowo tushindane kukaza.

Ijumaa niliyowakabidhi karai niliondoka bila hotuba. Jumatatu nilirudi kuchukua kigoda changu, mnakumbuka, mlikuwepo. Kastori alivuka barabara. Siku hizi anatembea polepole, ndevu zina mvi. Alikuwa ameshika ile dijitali yake ya kwanza, ile aliyokuwa akiipunga mbele ya pua yangu, ameifunga kwenye taulo kama mtoto.

“Ba fundi,” akasema, bila mzaha. “Shata limegoma. Nimewaandikia kampuni. Wamesema modeli hii waliacha kuitoa, spea hakuna.”

Nilimtazama. Nilikuwa nimesubiri kumuuliza swali hili miaka mingi, nimelifanyia mazoezi mpaka bafuni.

“Kwa hiyo ilikuwa na kasoro?” nikamuuliza.

Akalifungua taulo. Akaifuta kamera kwa kidole gumba pale alipokuwa ameishika miaka yote, rangi imekwisha, chuma kinaonekana.

“Haina kasoro,” Kastori akasema. “Hii ni kamera nzuri sana, dada. Wameiacha tu.”

Nikawaomba karai langu, nikakaa.